Mtoto Aliyetapika Damu, Mayai Matano ya Kichocho na Swali la Kitovu

Kisa hiki ni cha hospitali ya kaunti ndogo kando ya Ziwa Victoria, magharibi mwa Kenya. Mama wa mtoto ameruhusu kisimuliwe. Jina, kijiji, tarehe na mambo mengine machache yanayoweza kumtambulisha yameondolewa au kubadilishwa. Mpangilio wa matukio umebaki ulivyokuwa. Mimi ni afisa wa kliniki katika wodi ya watoto, na nilikuwa zamu asubuhi aliyoletwa.

Usuli

Mvulana wa miaka 7, uzito kilo 20. Analelewa na nyanya yake. Mama anafanya kazi mjini na hurudi nyumbani Desemba. Kutoka mlangoni hadi ufuoni ni mwendo wa dakika kumi. Kama watoto wenzake wote, anaoga ziwani, anachota maji humo na kusaidia kuanika omena.

Siku tatu kabla ya kuletwa alikuwa na homa na kikohozi. Nyanya alinunua dawa ya maji katika duka la dawa, akaja na chupa yenyewe mkononi: ibuprofeni, dawa ya homa na maumivu. Alikuwa akimpa kijiko kimoja mara tatu kwa siku, tumbo likiwa tupu kwa sababu mtoto alikataa kula.

Usiku wa tatu, saa nane, mtoto aliamka akilia tumbo, akatapika. Nyanya aliwasha tochi ya simu akaona damu. Nilipomuuliza ilikuwa kiasi gani, hakusema "nyingi" kama wengi wanavyosema. Alisema: "Ingejaza kikombe cha chai, halafu nusu yake tena." Kulipokucha walifika zahanati. Kipimo cha haraka cha malaria kilitoka chanya, mtoto akachomwa sindano ya atesuneti, dawa ya malaria kali, akapewa barua iliyosema ana malaria hiyo kali. Walitufikia kwa bodaboda saa tatu asubuhi.

Saa ya kwanza

Moyo ulikuwa unapiga mara 148 kwa dakika. Mikono ilikuwa baridi hadi kwenye kiwiko, na nilipobonyeza kucha rangi ilichukua sekunde 4 kurudi. Presha ilikuwa 96 kwa 58. Mwanafunzi aliyekuwa nami aliisoma ile presha akapumua, akasema iko sawa. Ilikuwa sawa kweli, na hapo ndipo wengi tunapoponzwa. Mishipa ya mtoto hujibana na kushikilia presha hadi damu nyingi iwe imeshapotea. Inapoanza kushuka, muda wa kumwokoa ni mfupi. Damu yote ya mtoto wa kilo 20 ni kama lita moja na nusu. Kikombe na nusu cha chai, hata ukitoa maji ya tumbo yaliyochanganyika nayo, si kitu cha kupuuzwa.

Kiwango cha damu (himoglobini) kilisoma gramu 7.9 kwa desilita. Nacho hakikunituliza, maana katika saa za mwanzo za kutokwa damu namba hiyo huwa bado haijashuka. Saa sita baadaye ilikuwa 5.6.

Dripu mbili zikiwa mkononi, nilirudi kwenye maswali ya msingi: je, ni damu kweli, je, ni yake, na imetoka wapi? Nilimulika pua, ufizi na koo, kwa sababu mtoto anayetokwa damu puani usiku huimeza na kuitapika alfajiri. Niliuliza kuhusu juisi nyekundu, betri ndogo za duara za saa na rimoti, magadi makali ya kutengenezea sabuni, dawa za mitishamba. Hakuna. Choo cha asubuhi hiyo kilikuwa cheusi, chenye kunata kama lami. Basi damu ilikuwa yake, na ilitoka juu.

Kisha niliweka mkono tumboni. Chini ya mbavu za kushoto kulikuwa na kitu kigumu chenye ukingo, kikishuka kila anapovuta pumzi. Bandama. Niliipima kwa rula: sentimita 6 chini ya mbavu. Ini halikushikika, macho hayakuwa ya manjano, tumbo halikuwa na maji.

Ugunduzi huo ulibadilisha kila kitu. Vidonda vya tumbo haviongezi bandama. Huku kwetu bandama kubwa ina sababu nyingi, malaria ya kujirudia ikiwa mojawapo, lakini mtoto mwenye bandama kubwa anayetapika damu achukuliwe kuwa na shinikizo kwenye mshipa wa lango hadi ithibitishwe vinginevyo. Mshipa wa lango ni ule mkubwa unaokusanya damu ya matumbo na bandama na kuiingiza kwenye ini. Ukizuiwa, damu hutafuta njia za pembeni. Mojawapo hupanda kwenye umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na mishipa myembamba ya hapo huvimba hadi kupasuka.

Tulivyoamua siku hiyo, na kwa nini

Maji tulimpa kidogo, mililita 200 kwanza, huku tukimwangalia. Sisi wa Afrika Mashariki tumefunzwa na utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011, kwamba kumwaga maji mengi kwa kasi kwa mtoto mwenye homa na mzunguko dhaifu wa damu kunaweza kuua. Huyu alikuwa anatokwa damu, hali tofauti, lakini pia alikuwa na homa. Na alichopoteza ni damu. Kilichofaa kurudishwa ni damu.

Tulimwongezea seli nyekundu mililita 200, yaani 10 kwa kila kilo, kwa saa nne. Kipimo kikapanda hadi 7.6. Usiku mwenzangu wa zamu alitaka kuongeza nyingine, afikishe 10. Tulibishana kwa heshima na tukakubaliana kusimama hapo. Kwa mtoto wa aina hii, kujaza damu kupita kiasi kunaongeza shinikizo kwenye mishipa ileile iliyopasuka, na donge lililoziba linaweza kung'oka. Tunalenga 7 hadi 8 na kumtazama mtoto mwenyewe.

Omeprazoli ya kupunguza asidi ya tumbo na seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, tulikuwa nazo. Oktreotaidi, ambayo hupunguza damu inayoingia matumboni, haikuwepo. Mjomba wa mtoto alitumwa mjini akarudi na vichupa vitano vya mikrogramu 100, vikiwa ndani ya chombo cha plastiki chenye barafu ya kuhifadhia samaki, kwa sababu mtu wa duka alimwambia dawa isipate joto. Tulipiga hesabu mbele yake: mikrogramu 20 za kuanzia, kisha 20 kila saa. Vichupa vitano vinatosha saa 24 kamili. Mtoto hakutapika damu tena tangu hapo.

Ibuprofeni ilisimamishwa. Malaria tuliitafuta kwa darubini mara mbili, hatukuona vimelea hai. Nyanya alieleza kwamba mtoto alimaliza dozi ya malaria wiki mbili zilizopita. Kipimo cha haraka huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya ugonjwa kuisha. Barua ya zahanati haikuwa ya uzembe. Ilisoma kipimo kilichokuwepo.

Mayai matano

Siku ya pili maabara ilileta jibu la choo. Katika slaidi moja ya Kato-Katz, njia ya kuhesabu mayai ya minyoo kwenye choo, mtaalamu alihesabu mayai 5 ya kichocho cha matumbo, na kwa kuzidisha kwa 24 tukapata mayai 120 kwa gramu, kiwango cha wastani. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa 74,000 na chembe nyeupe 2,900, zote chini, kama inavyotokea bandama kubwa inapozishikilia. Vipimo vya ini vilikuwa vizuri.

Wodi nzima ilipumua. Kila kitu kilikaa mahali pake: mtoto wa ziwani, konokono wa majini wanaoeneza kichocho, mayai kwenye choo, bandama, damu. Kichocho cha muda mrefu huacha makovu kuzunguka matawi ya mshipa wa lango ndani ya ini, shinikizo linapanda, mishipa ya umio inavimba, na ini lenyewe linaendelea kufanya kazi vizuri. Niliandika kwenye faili, kwa wino wangu mwenyewe, "kichocho cha ini na bandama". Tangu nilipoandika hivyo, hakuna aliyeuliza tena.

Ultrasaundi ya siku hiyo ilifanywa na mtu aliyepewa karatasi ya maombi iliyosema "kichocho, angalia ini na bandama". Alijibu alichoulizwa: ini la kawaida, bandama kubwa. Mshipa wa lango haukutajwa, nami sikuutafuta katika jibu.

Lililoniuma baadaye ni uamuzi wa rufaa. Kipimo cha kamera, inayopitishwa mdomoni kuangalia umio na tumbo, kwa mtoto aliyetapika damu kiasi hicho kinatakiwa ndani ya saa 24 baada ya hali yake kutulia. Sisi tulijiambia kwamba chanzo kinajulikana, damu imekoma, kitanda huko rufaa ni cha kusubiri, basi asubiri. Jina la ugonjwa likiwa na uhakika usiostahili, haraka hupungua.

Kitabu ndani ya leso

Siku ya nne, baada ya mzunguko wa asubuhi, sista mkuu wa wodi alikaa kitandani kwa mtoto akimsaidia nyanya kumlisha uji. Sikuwa nawasikiliza, nilikuwa naandika. Nikamsikia akiuliza kwa Kiswahili chake cha upole, "Nyanya, huyu alipokuwa mchanga, kitovu chake kilikauka vizuri?"

Nyanya alinyamaza kidogo. Akafungua leso aliyoikunja kando ya mto, na ndani yake akatoa kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kurasa zimekuwa laini kama kitambaa kwa kushikwa. Alikuwa amekibeba tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyekiomba. Kwenye ukurasa wa maelezo ya mtoto mchanga kulikuwa na maandishi ya kalamu ya buluu: siku ya 9, usaha kwenye kitovu, homa, amelazwa, sindano siku 10.

Halafu akaongeza jambo jingine ambalo mimi sikuwa nimeliuliza. Akiwa na miaka 4 mtoto alitapika mara moja kitu cheusi kama majani ya chai yaliyochujwa. Walipewa dawa ya minyoo.

Nilichukua faili nikasoma upya kama ya mtoto nisiyemjua. Miaka 7 ni mapema kwa kichocho kufikia hatua ya kupasua mishipa. Makovu hayo kwa kawaida huhitaji miaka 5 hadi 15 ya maambukizi ya mara kwa mara, na mara nyingi mazito, mayai 400 kwa gramu au zaidi. Huyu alikuwa na 120, na tukio la kwanza lilikuwa akiwa na miaka 4, kabla hajaanza kuogelea na wakubwa. Ini lake kwenye picha lilikuwa laini, halina ule unene mweupe kuzunguka mishipa ambao kichocho huuacha. Na mayai yenyewe: chukua watoto kumi wa ufuo ule wenye afya njema, wanaocheza, uwapime choo, kuwapata kadhaa wenye mayai si ajabu. Tulikuwa tumepata kitu cha kweli ambacho hakikuwa jibu la swali letu.

Uambukizo wa kitovu unaweza kusafiri kwenye mshipa wa kitovu, ambao kwa mtoto mchanga bado una njia ya kufikia mshipa wa lango, na kuugandisha. Mtoto anapona homa, anakua, anacheza. Mshipa ulioziba unabaki kimya kwa miaka. Mara nyingi dalili ya kwanza ni damu, ikichochewa na homa au dawa kama ibuprofeni, kwa mtoto ambaye kila mtu aliamini ni mzima.

Skani ya pili na kamera

Jioni hiyo nilipiga simu hospitali ya rufaa, safari hii nikiwa na swali badala ya jina la ugonjwa: je, mshipa wa lango upo na damu inapita? Alisafirishwa usiku, dripu mkononi, seli nyekundu za akiba zikiwa kwenye kisanduku cha baridi.

Kwa mashine ya dopla, ultrasaundi inayoonyesha damu ikipita, mahali palipotakiwa kuwa na mshipa mmoja mnene, palikuwa na fundo la mishipa midogo iliyopindapinda, kama mizizi ya mmea uliokaa muda mrefu kwenye kopo. Mwili ulikuwa umejijengea njia mbadala. Mtaalamu aliniita kwenye skrini nione kwa macho yangu, na ninamshukuru.

Kamera siku ya tano ilionyesha mishipa mitatu mikubwa chini ya umio, yenye madoa mekundu ya mishipa iliyo tayari kupasuka. Ilifungwa kwa mipira midogo minne. Ndani ya tumbo kulikuwa na michubuko ya juujuu, pengine kazi ya ibuprofeni. Vidonda virefu havikuwepo.

Matokeo

Alirudi kwetu baada ya siku sita. Tulimpa prazikwanteli kwa uzito wake, miligramu 40 kwa kilo, kwa sababu kichocho alikuwa nacho na kilistahili kutibiwa, hata kama hakikuwa kilichomleta. Amefungwa mishipa mara mbili zaidi kwa nafasi ya wiki nne. Kwa miezi 11 hajatapika damu. Anaenda shule. Haruhusiwi michezo ya kugongana, kwa ajili ya bandama, na nyanya anajua majina ya dawa za homa na maumivu asizopaswa kupewa. Ameandikiwa kwa herufi kubwa ndani ya jalada la kitabu kilekile.

Mama alipofika kutoka mjini, nyanya aliniuliza mbele yake kama ni yeye aliyemdhuru. Walikuwa wamepaka masizi na samli kwenye kitovu, kama alivyofanyiwa yeye na mama yake. Nilimjibu ukweli ninaouamini: uambukizo ule ni sababu inayoelekea sana, lakini kwa watoto wengi wenye tatizo hili hakuna sababu inayopatikana, na hakuna kipimo leo kinachoweza kunihakikishia. Nilimwambia pia kwamba kikombe chake cha chai, chupa aliyoileta na kitabu alichokihifadhi vilitusaidia kuliko vipimo vyetu vya kwanza. Alilia. Mama yake mtoto alimshika mkono.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kilikuwa cha kawaida kabisa, na kinapatikana hata zahanati: kuhesabu mapigo badala ya kuiamini presha, kupima damu tena baada ya saa sita, na mkono uliowekwa tumboni kabla ya kuandika "vidonda". Nimeona watoto wakirudishwa nyumbani na dawa ya asidi kwa sababu hakuna aliyegusa bandama. Kusimama kwenye 7.6 nakuhesabu pia, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kuongeza.

Kilichoshindikana kina mizizi zaidi ya mmoja. Wa kwanza ni wangu: nilipopata mayai niliacha kuuliza. Ugonjwa ulioenea mahali fulani unapunguza thamani ya kuupata kwa mgonjwa mmoja, na hili ni gumu kulishika kichwani kwa sisi tunaofanya kazi ambapo malaria na kichocho vipo kila siku. Zahanati ilifanya kosa lilelile kwa kipimo cha malaria asubuhi ya kwanza. Mimi nililisahihisha kosa lao na kulirudia langu siku iliyofuata.

Wa pili ni karatasi ya maombi ya skani. Ukimwandikia mpiga picha jibu, atakupa picha ya jibu lako. Tulipaswa kuandika: mtoto ametapika damu, bandama sentimita 6, tafadhali onyesha mshipa wa lango, upo au haupo, damu inaelekea wapi.

Wa tatu ni historia iliyokatwa. Mimi nilianza historia siku tatu kabla, na ya mtoto huyu ilianza siku ya 9 ya maisha yake. Maswali hubadilika na umri. Kwa mchanga wa siku chache nauliza kama chuchu za mama zimepasuka, maana damu ile huenda ikawa ya mama, na kama alipata sindano ya vitamini K alipozaliwa, hasa akiwa amezaliwa nyumbani. Kwa anayetambaa, alichookota sakafuni. Kuanzia miaka 2 au 3 hivi nauliza kitovu, kulazwa uchangani, na mpira uliowekwa kwenye kitovu kupitishia dawa, kwa sababu huo nao unaweza kugandisha mshipa uleule.

Kuhusu kuchelewa kwa kamera sina utetezi wa kutosha. Kitanda kilikuwa cha kusubiri, ni kweli, lakini niliomba kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Mishipa yenye madoa mekundu ilikaa wodini kwangu siku nne bila kufungwa, na oktreotaidi ilikuwa imeisha siku ya pili. Tulipata bahati ambayo mtoto mwingine hataipata.

Wodini kwetu sasa vichupa vitano vya oktreotaidi vinakaa kwenye friji ya dawa, na anayetumia huandika jina lake ili virejeshwe kabla ya mwisho wa zamu. Klorheksidini ya kitovu, dawa ya kuua vijidudu, ile ya asilimia 7.1, hutolewa kwa kila mama kabla hajatoka wodi ya uzazi, na sista yuleyule ndiye anayewaonyesha jinsi ya kuipaka. Mtoto ana miadi ya kamera mwezi ujao, na daktari wa upasuaji ataketi na mama kuzungumzia kama mshipa wake unafaa kuunganishwa njia nyingine akifikisha uzito zaidi.